Ndege ya likizo ya familia imebadilishiwa saa: usibonyeze "Kubali" kwanza

Swali: Tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 9 na 6, na mtoto wa miezi 14 anayesafiri akiwa amepakatwa. Miezi saba iliyopita tulinunua tiketi za kwenda na kurudi kwa likizo ya nje ya nchi, kupitia wakala wa mtandaoni, zote kwa namba moja ya uhifadhi, na ndege zote zilikuwa za moja kwa moja. Zimebaki siku 40, na sasa tumepata barua pepe. Ndege ya kwenda iliyokuwa Jumamosi 10:15 imekuwa Jumapili 00:20. Ya kurudi imetolewa 21:00 ikawekwa 17:40, halafu mume wangu na mtoto mkubwa wamehamishiwa ndege nyingine inayopitia mji wa tatu. Usiku wa Jumamosi wa hoteli tumeshaulipia na haurudishwi. Kwenye barua kuna kitufe cha "Kubali" na kingine cha "Chukua vocha". Je, tunalazimika kukubali? Tunaweza kudai fidia? Na hasara ya hoteli ni juu ya nani?

Jibu: Pole kwa usumbufu. Hamlazimiki kukubali, wala hamlazimiki kuchukua vocha. Kuna njia mbili ambazo hazikuwekewa kitufe: kurejeshewa nauli yote kwa fedha, au kuhamishiwa ndege nyingine inayowafaa bila kuongeza senti. Fidia, yaani ile pesa ya kufuta machozi juu ya nauli, msiitarajie kwa taarifa ya siku 40. Hoteli ndiyo sehemu ngumu, nitaifikia.

Kabla ya sheria, someni saa upya. Ratiba za ndege huandikwa kwa saa 24, na kila saa ni ya mji wa uwanja husika. Jumapili 00:20 ni saa sita na dakika ishirini za usiku wa kuamkia Jumapili, maana yake mnatoka nyumbani Jumamosi jioni. Familia nyingi husoma "Jumapili", zikafika uwanjani Jumapili usiku, saa 24 baada ya ndege kuondoka. Kosa hilo halina dawa, kwa sababu shirika litawahesabu kuwa hamkutokea. Andikeni kwenye kalenda siku ya kutoka nyumbani, si tarehe ya ndege pekee.

Kwa hiyo ndege ya kwenda imesogezwa saa 14 na dakika 5, na ya kurudi imewahishwa kwa saa 3 na dakika 20. Tarakimu hizo mbili ndizo zitakazobeba hoja yenu yote.

Sasa kitufe. Ukibonyeza "Kubali" unakuwa umechagua, na mfumo wa shirika unaandika kwamba abiria ameridhia saa mpya. Kuanzia hapo ukipiga simu kuomba ndege nyingine, unaonekana kama mtu aliyebadili mawazo kwa hiari yake, na mwenye hiari hulipa ada ya kubadilisha pamoja na tofauti ya nauli. Asiyekubali bado yuko kwenye fungu la mabadiliko yasiyo ya hiari ya abiria. Kwenye fungu hilo hata tiketi iliyoandikwa "hairejeshwi" hurejeshwa, maana masharti ya kutorejesha yanamhusu abiria anayejitoa, hayalihusu shirika linaloshindwa kutoa kilichouzwa.

Kunyamaza nako kuna hatari yake. Baadhi ya mashirika huweka siku ya mwisho ya kujibu, na baadhi ya mifumo huhesabu ukimya kuwa ridhaa. Jibuni kwa maandishi kwamba hamkubali, mapema, hata kama bado hamjaamua mnataka nini badala yake.

Hamkusema mnaondokea nchi gani wala shirika ni la wapi, na mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua sheria ipi inawalinda. Uraia wenu hauhusiki hata kidogo.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inafuata safari yoyote inayoondoka kwenye uwanja wa nchi za Umoja huo, Iceland, Norway au Uswisi, shirika liwe la wapi. Inafuata pia safari inayotoka nje kuingia huko, mradi ndege ni ya shirika la huko. Hivyo familia inayotoka bara jingine kwenda Ulaya kwa shirika lisilo la Ulaya haina ulinzi huo wakati wa kwenda, lakini inao wakati wa kurudi. Kila upande wa safari upimeni peke yake.

Chini ya kanuni hiyo kinachotafutwa ni kama ndege yenu "imefutwa", na neno hilo lina maana pana kuliko mnavyodhani. Desemba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba ndege iliyowahishwa kwa zaidi ya saa moja inahesabiwa imefutwa. Kwa hiyo ndege yenu ya kurudi, iliyotolewa 21:00 hadi 17:40, imefutwa kisheria hata kama namba ya ndege ni ileile na barua inasema kwa upole "tumeboresha ratiba". Siku hiyohiyo mahakama ilisema pia kwamba ndege iliyosogezwa nyuma kwa chini ya saa 3, bila badiliko jingine lolote, haijafutwa. Ya kwenu imesogezwa zaidi ya saa 14 na kuingia tarehe nyingine. Angalieni namba ya ndege ya zamani na mpya: zikitofautiana, hoja ya kufutwa imekamilika.

Ndege ikifutwa, chaguo ni la abiria kati ya mambo matatu: kurejeshewa nauli ndani ya siku 7, kupelekwa kwa njia nyingine mapema iwezekanavyo kwa hali inayolingana, au kupelekwa siku nyingine itakayowafaa kama nafasi zipo. Vocha ni halali iwapo tu abiria ameikubali kwa maandishi yaliyotiwa saini. Kwa maoni yangu vocha ina maana pale tu thamani yake inapozidi nauli, haina muda mfupi wa kuisha, na mna uhakika mtasafiri tena na shirika hilo. Kwa familia ya watu watano masharti hayo matatu hayakutani mara nyingi.

Fidia ina hesabu yake: euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 400 kwa ya kati, na euro 600 kwa safari inayozidi kilomita 3,500 kati ya Umoja wa Ulaya na nje yake, kwa kila abiria. Mtoto aliyelipiwa kiti anahesabika sawa na mtu mzima. Anayesafiri bure hahesabiki, kwa hiyo angalieni kama mdogo wenu alilipiwa nauli yoyote. Lakini fidia hailipwi abiria akijulishwa angalau siku 14 kabla. Ninyi mmejulishwa siku 40 kabla, basi hakuna. Kati ya siku 14 na 7, shirika linaepuka kulipa kama ndege mbadala haiondoki zaidi ya saa 2 kabla ya saa ya awali na inafika chini ya saa 4 baada ya ile ya awali. Zikibaki chini ya siku 7, mipaka inakuwa saa 1 na saa 2. Nje ya mipaka hiyo shirika linalipa, isipokuwa lithibitishe hali isiyo ya kawaida ambayo lisingeweza kuizuia. Hitilafu ya kawaida ya mashine haiwi hali isiyo ya kawaida, wala mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe wanaodai mishahara.

Kwa nini ninawaeleza hesabu ambayo leo haiwahusu? Kwa sababu ratiba iliyobadilishwa mara moja hubadilishwa mara ya pili. Mkikubaliana ndege mpya leo, kisha nayo ikafutwa zikiwa zimebaki siku 6, saa ya fidia inaanza upya kwa ndege hiyo mpya. Jambo la pili ni wakala. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba shirika lililomjulisha wakala kwa wakati, lakini taarifa isimfikie abiria siku 14 kabla, linalipa fidia. Mzigo wa kuthibitisha abiria alijulishwa lini uko kwa shirika. Basi tunzeni barua pepe ya kwanza mliyoipokea wenyewe, pamoja na tarehe na saa yake.

Uingereza ilibaki na kanuni hiyo baada ya kujitoa katika Umoja, ila viwango ni pauni 220, 350 na 520. Mipaka ya siku na saa ni ileile.

Marekani hesabu ni nyingine kabisa. Hakuna fidia ya ratiba kubadilika, kuna haki ya kurejeshewa nauli tu, na tangu Oktoba 2024 inapaswa kutolewa bila abiria kuhangaishwa. Inahusu safari za kwenda, kutoka au ndani ya Marekani. Badiliko linahesabiwa kuwa kubwa kama ndege inaondoka mapema au inafika kwa kuchelewa kwa saa 3 au zaidi ndani ya nchi, na saa 6 au zaidi kwa safari ya kimataifa. Uwanja ukibadilishwa, vituo vya kuunganisha vikiongezwa, au abiria akishushwa daraja, nalo ni badiliko kubwa. Pimeni ya kwenu kwa kipimo hicho: ndege ya kwenda inapita mpaka kwa mbali. Ya kurudi, kuwahishwa kwa saa 3 na dakika 20 peke yake hakutoshi kwa safari ya kimataifa, lakini mume na mtoto mkubwa wameongezewa kituo, na hilo linatosha kwa tiketi zao mbili. Pesa zinatakiwa kurudi ndani ya siku 7 za kazi kama mlilipa kwa kadi ya mkopo, na siku 20 za kalenda kwa njia nyingine. Anayewajibika kurejesha ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye taarifa ya benki kuwa ndiye aliyepokea malipo. Fungueni taarifa hiyo muone ni shirika au ni wakala, mtapunguza wiki mbili za kurushwa huku na huku.

Brazil ni kali zaidi kuhusu muda. Badiliko linalozidi dakika 30 kwa safari ya ndani, au saa 1 kwa ya kimataifa, linampa abiria chaguo la ndege nyingine au nauli yake. Kanada ina kanuni zake tangu 2019, nazo pia hutumia mpaka wa siku 14 kwa fidia.

Kama safari yenu haimo katika sheria yoyote ya namna hiyo, mnabaki na vitu viwili. Cha kwanza ni masharti ya usafirishaji ya shirika, waraka mrefu ulio kwenye tovuti yake ambao kila mnunuzi huukubali bila kuusoma. Tafuteni sehemu inayozungumzia ratiba, kuchelewa na kufutwa kwa safari. Mashirika mengi yameandika humo kwamba badiliko kubwa lisilokubalika kwa abiria linampa ndege nyingine au rejesho kamili. Nakilini kifungu chenyewe na namba yake kwenye barua yenu, kwa sababu mhudumu wa simu hubishana na maoni yako lakini hapati pa kubishia maneno ya mwajiri wake. Cha pili ni Mkataba wa Montreal wa 1999, unaobana safari nyingi za kimataifa. Huo hulipa hasara iliyothibitishwa kwa risiti inayotokana na kuchelewa, hadi Haki Maalumu za Kutoa Fedha, SDR (kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa), 6,303 kwa abiria tangu mwisho wa Desemba 2024, na kesi lazima ifunguliwe ndani ya miaka 2. Ila mkataba unazungumzia kuchelewa, na shirika linajinasua likionyesha kwamba lilichukua hatua zote za busara kuepusha hasara. Ratiba iliyobadilishwa siku 40 kabla haiingii humo kwa urahisi. Nisingeuweka kuwa nguzo ya madai yenu.

Sasa kazi yenyewe. Msianze na simu. Anzeni kwa kuchagua ndege mnayoitaka, kwa sababu anayepiga simu kulalamika hupewa pole, na anayepiga akiwa na namba ya ndege hupewa nafasi.

Tafuteni kwenye tovuti ya shirika kana kwamba mnanunua upya, na tafuteni kwa watu wazima 2, watoto 2 na mtoto mchanga 1, si kwa mtu mmoja. Ndege inayoonyesha kiti kwa mmoja inaweza kukosa vinne. Anzeni na ndege za shirika lenyewe siku moja kabla na siku moja baada, kisha mashirika washirika wake, kisha viwanja vya jirani vya pande zote mbili. Kwenye sheria ya Ulaya na ya Uingereza mnaweza kuomba hata ndege ya shirika lisilo mshirika kama la kwenu halina njia ya kuridhisha. Hawatawaambia hilo, ni ninyi mtakaolitaja. Msihangaike na bei mnayoiona. Nauli ya chini ikiwa imeisha, mhudumu wa mabadiliko yasiyo ya hiari anaweza kufungua nauli ya juu katika daraja lilelile la viti bila kuwatoza. Akisema "daraja la nauli yenu limejaa", jibuni kwamba mnaomba kiti ndani ya daraja lilelile la ndege, si nauli ileile.

Andikeni ndege mbili za kwenda na mbili za kurudi mnazoweza kuzikubali, kwa mpangilio wa upendeleo. Pigeni picha za skrini zinazoonyesha kuwa nafasi zipo, na tarehe ya siku mliyotafuta.

Kisha tumeni ujumbe wa maandishi kwa shirika na kwa wakala pamoja, kwa lugha ambayo shirika linaifanyia kazi. Maudhui yawe hivi:

"Namba ya uhifadhi: … Abiria: watu wazima 2, watoto 2, mchanga 1. Tarehe … mlitujulisha kwamba safari yetu ya kwenda ya Jumamosi 10:15 imehamishiwa Jumapili 00:20, na ya kurudi imetolewa 21:00 hadi 17:40, huku abiria wawili, mmoja wao mtoto, wakitenganishwa na wenzao. Hatukubali mabadiliko haya, na hatuombi vocha. Tunaomba sote watano tupelekwe pamoja kwa ndege namba … ya tarehe …, na kurudishwa kwa ndege namba … ya tarehe …, bila nyongeza ya nauli. Kama haiwezekani, tuandikieni sababu na ndege mbadala kabla ya tarehe …. Haki yetu ya kurejeshewa nauli yote tunaihifadhi."

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Ukiandika "tunataka pesa zetu" mapema, umechagua rejesho, na jukumu la shirika la kuwafikisha linaishia hapo. Miezi saba iliyopita mlinunua kwa nauli ya miezi saba kabla, na leo viti vinne vya wiki sita kabla, msimu wa likizo, vinaweza kuwa ghali maradufu. Shirika halitawalipia tofauti hiyo kama ninyi ndio mliochagua pesa. Angalieni kwanza bei ya leo ya safari nzima. Ikizidi mtakachorudishiwa, ng'ang'anieni ndege nyingine. Ikipungua, jambo ambalo hutokea, chukueni fedha mkanunue upya, lakini nunueni baada ya rejesho kuthibitishwa kwa maandishi.

Kuhusu wakala: tiketi mliyonunua kwake, mara nyingi shirika litasema "rudini kwa aliyewauzia", naye wakala atasema "tunasubiri shirika". Ulaya mwenye jukumu la kuwahudumia ni shirika linaloendesha ndege, semeni hivyo. Kiutendaji lakini, wakala ndiye aliyeshika uhifadhi hadi shirika liuchukue. Njia inayofanya kazi ni kupiga simu kwa shirika na kuomba litwae uhifadhi kwa sababu badiliko ni lake. Likikataa, muombeni mhudumu aandike kwenye uhifadhi kwamba shirika limeruhusu kuhamishiwa ndege namba fulani, mchukue jina lake na saa ya simu, kisha mpigie wakala mkimwambia asome maandishi hayo. Wakala mwenye ruhusa iliyoandikwa hana sababu ya kuwatoza. Kamisheni ya wakala nayo, kwa uamuzi wa mahakama ya Ulaya wa 2018, ni sehemu ya bei ya tiketi inayorejeshwa, isipokuwa iwe ilipangwa bila shirika kujua.

Suala la kutenganishwa msilichukulie kama bahati mbaya. Mfumo unapohamisha abiria kwa mkupuo, hujaza ndege mpya kwa viti vilivyopo. Viti vya mwisho vikiwa vichache, hukata familia katikati bila kujua nani ni mtoto wa nani. Uhifadhi mmoja ukigawanywa, mnakuwa na namba mbili. Ombeni mrudishwe kwenye ndege moja. Mkibaki na namba mbili hata kwenye ndege moja, ombeni kila uhifadhi uandikwe kwamba unasafiri pamoja na mwingine. Wahudumu wanaijua alama hiyo kwa herufi TCP. Bila hiyo, badiliko la pili litawatawanya tena.

Kugawanywa kuna faida moja, hata hivyo. Kila abiria ana tiketi yake. Mkitaka baba na mtoto mkubwa wachukue rejesho na wengine wasafiri, inawezekana, mradi uhifadhi ugawanywe kabla rejesho halijaombwa. Rejesho likiombwa kwenye namba ya pamoja, linaweza kufuta tiketi za wote.

Mtakapopata mnachotaka, kazi bado haijaisha, na hapa ndipo mambo huharibika kimyakimya. Uhifadhi na tiketi ni vitu viwili. Uhifadhi, ule wa herufi na tarakimu sita, unaonyesha mnatarajiwa kwenye ndege gani. Tiketi ya kielektroniki, yenye tarakimu 13 ambazo tatu za mwanzo ni namba ya shirika, ndiyo iliyolipiwa. Mhudumu akibadilisha uhifadhi akasahau kutoa tiketi upya, kwenye simu yenu kila kitu kitaonekana sawa, saa mpya, majina, viti. Siku ya safari kaunta inakataa kutoa pasi ya kupandia kwa sababu tiketi bado inasoma ndege isiyokuwepo. Kwa hiyo muulizeni kabla hajakata simu: "Tiketi zote tano zimetolewa upya? Kila sehemu ya safari imethibitishwa?" Kwenye lugha ya mifumo yao, HK ni nafasi iliyothibitishwa, TK ni badiliko la saa linalosubiri kushughulikiwa, UN ni ndege isiyokuwepo tena. Mkiona UN kwenye hati yoyote, msilale nayo. Ombeni risiti mpya za tiketi kwa barua pepe, tano, na ya mtoto mchanga ikiwemo. Tiketi ya mtoto wa kupakatwa ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa kuwa haina kiti na haionekani kwenye ramani ya ndege.

Baada ya hapo angalieni vilivyopotea wakati wa kuhama: viti mlivyolipia, mizigo ya ziada, chakula cha mtoto, kitanda kidogo cha mchanga. Ndege ikiwa ya aina nyingine, vyote hivyo havihami vyenyewe, na vitanda vya wachanga ni vichache kwa kila ndege, hutolewa kwa anayewahi kuomba. Mlicholipia kisichotolewa, daini kirudishwe. Na ikiwa baba na mtoto watalazimika kupita mji wa tatu, angalieni masharti ya viza ya kupitia nchi hiyo. Badiliko lililofanywa na shirika haliwapi msamaha kwa ofisa wa uhamiaji.

Hoteli sasa. Kama ndege na hoteli mlizinunua pamoja kwa wakala yuleyule kwa bei moja, acheni karibu yote niliyosema na mwendeeni mwandaaji wa safari. Sheria ya Ulaya ya 2015 kuhusu safari za kifurushi, na ya Uingereza ya 2018, zinamfanya yeye awajibike kwa kifurushi kizima. Badiliko kubwa katika sehemu kuu ya safari linawapa haki ya kujitoa bila ada, na pesa zote kurudi ndani ya siku 14. Kupoteza usiku mzima wa likizo kwa ajili ya ndege iliyosogezwa saa 14 ni hoja nzuri sana kwa badiliko kubwa, hasa likizo ikiwa fupi.

Kama mlinunua mbali mbali, hoteli haimo katika nauli, na kanuni 261 hailipi usiku uliopotea mnakokwenda. Jaribuni kwa mpangilio huu. Andikieni hoteli moja kwa moja, mkiambatisha barua ya shirika, na msiombe pesa: ombeni usiku wa kwanza usogezwe mwishoni mwa safari. Hoteli inayokataa kurudisha fedha mara nyingi hukubali kusogeza, kwa vile haipotezi kitu. Waambieni pia kwamba mtafika Jumapili, ili wasiufute uhifadhi wote kwa kuwaona hamkutokea Jumamosi. Hili ni la lazima hata wakikataa mengine yote. Pili, someni bima. Bima nyingi za safari hulipa abiria akiugua au ndege ikichelewa siku yenyewe, na haziguswi na ratiba iliyobadilishwa wiki sita kabla, lakini zipo zenye kifungu hicho. Tatu, daini kwa shirika kwa risiti, mkijua kwamba ni ombi zaidi kuliko haki. Bado, njia safi zaidi ya kuokoa usiku wa Jumamosi ni kupata ndege ya Jumamosi asubuhi au Ijumaa, ndiyo maana nimesisitiza kutafuta ndege kabla ya kutafuta pesa.

Rejesho likikwama baada ya muda wa kisheria kupita, nendeni benki mliyolipia kwa kadi mkaombe malipo yabatilishwe kwa sababu ya huduma isiyotolewa. Msichelewe, kwani mifumo ya kadi ina ukomo, mara nyingi siku 120. Uingereza, malipo ya kadi ya mkopo kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000 yanaifanya benki nayo iwajibike. Msitumie njia hii wakati bado mnataka kusafiri, maana shirika likiona malipo yamevutwa litafuta tiketi. Baada ya benki kuna mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi mnayoondokea, kisha mahakama za madai madogo. Ukomo wa kanuni 261 hutegemea nchi: Ujerumani ni miaka 3 inayohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka wa safari, Ufaransa 5, Uingereza kwa upande wa England 6.

Kosa moja zaidi, ambalo huwakuta hasa waliokasirika. Msiamue kununua tiketi nyingine ya kwenda na kuiacha ile ya zamani bila kusema, mkitumaini kutumia upande wa kurudi. Tiketi hutumika kwa mpangilio. Mkikosa kutokea kwenye ndege ya kwanza, mfumo hufuta sehemu zote zinazofuata. Kama mnalazimika kujinunulia njia ya kwenda, shirika lithibitishe kwanza kwa maandishi kwamba upande wa kurudi umelindwa, na tiketi za kurudi zitolewe upya zikiwa peke yake.

Na fungueni uhifadhi kila wiki kuanzia sasa, kisha kila siku katika siku 14 za mwisho, mkiingia kwenye tovuti ya shirika badala ya ya wakala. Mkiona saa imesogea tena, pigeni picha ya skrini kabla ya kufanya lolote lingine, kwa sababu badiliko lililotokea ndani ya siku hizo 14 ndilo lenye bei.